Beetle ya 1968 na redio mpya yenye sura ya zamani: nianzie wapi bila kukata dashibodi?

kobe68

Wakuu habari zenu, naombeni msaada kabla sijashika bisibisi. Nina Volkswagen Beetle ya 1968, dashibodi ni ile ile ya bati, haijawahi kuguswa na msumeno, na pale pa redio kuna tundu la mstatili na matundu mawili ya shafti kushoto na kulia, yamezibwa na kibao chake cha kiwandani. Sasa nimepata redio mpya, zile zinazotengenezwa siku hizi kwa sura ya kizamani, nobu mbili za kromu, vitufe vitano katikati, kioo unachagua mwenyewe kiwake rangi gani, ila ndani ina Bluetooth, USB, na matundu ya kuunga amplifaya nyuma. Kwa mbele ukiiangalia unaweza kusema ilizaliwa na gari.

Shida yangu ni hizi. Nyuma ina waya nyingi sana na gari lina waya chache sana. Spika ya zamani bado ipo, moja tu, nyuma ya ile grili kando ya spidomita, sijui kama itaweza kutumika. Alafu napenda kukaa kwenye gari nikiwa nimepaki nasikiliza taarifa ya habari, sitaki iwe lazima injini inguruma. Kuna fundi nimempelekea akasema njia rahisi ni kukata dashibodi kidogo aweke redio ya kawaida, nikamshukuru nikaondoka na gari langu. Nataka kazi ambayo kesho na keshokutwa mtu akitaka kurudisha kibao cha kiwandani anarudisha na hakuna anayejua kama kulikuwa na kitu. Mwenye uzoefu anielekeze, nina mita ya kupimia umeme na nina muda.

---

FundiWaya

Mkuu umefanya vizuri kuondoka, bati la dashibodi likishakatwa limekatwa. Tundu la redio za kisasa za kawaida ni kama milimita 182 kwa 53, ndio maana huyo fundi alitaka msumeno, lakini redio yako haihitaji hilo tundu kabisa. Hizi za shafti mbili breketi zake zinasogea, unaweza kuzisogeza shafti zikakaa karibu au mbali zaidi, mbele au nyuma, mpaka zilingane na matundu yako. Kwahiyo usianze na waya, anza na kuijaribisha pale pale ikiwa kavu, bila kuunga chochote, mpaka uso wake ukae sawa na bati, ndio ukaze nati. Na usiiache ining'inie kwa nati mbili za mbele peke yake, nyuma yake kuna skrubu ya kushikia kipande cha bati, tafuta mahali pa kukifunga, la sivyo mitikisiko ya barabara itakuwa inavuta zile shafti kila siku mpaka uso wa redio ulegee.

Kwenye Beetle una bahati, nyuma ya dashibodi unaingilia kwa kufungua buti ya mbele na kutoa lile karatasi gumu, unaona kila kitu. Lakini ndio hapo hapo tangi la mafuta lilipo. Kwahiyo hasi ya betri inatoka kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, cheche moja karibu na mvuke wa petroli siyo kitu cha kujaribu.

Sasa waya. Nyingi unazoziona ni za spika, nane nzima, na nyingine hutazitumia. Za maana kwa umeme ni tatu au nne. Njano ni umeme wa kudumu, ndio unaotunza saa na stesheni ulizohifadhi. Nyekundu ndio inayoiamsha redio. Nyeusi ni hasi, inaenda kwenye bodi. Chungwa mara nyingi ni ya taa, ili kioo kipunguze mwanga ukiwasha taa za usiku. Bluu au bluu yenye mstari mweupe ni ya kuamsha antena ya mota au amplifaya, kama huna funika ncha yake na tepu, isiguse bati. Soma karatasi iliyokuja na redio yako uhakikishe rangi ni hizo hizo, kampuni nyingi zinafuata utaratibu huu ila sio zote.

Upande wa gari, magari ya Kijerumani yana namba kwenye kila kituo cha waya na namba hizo zitakuokoa. 30 ni umeme wa moja kwa moja toka betri. 15 ni umeme unaokuja ukiwasha swichi. 31 ni hasi. 58 ni taa ndogo. Kwahiyo njano inaenda 30, nyeusi 31, chungwa 58, nyekundu mtu yeyote atakwambia 15 lakini subiri kwanza, hapo ndipo lile swali lako la kusikiliza ukiwa umepaki linapoingia.

Ukiacha swichi imewashwa injini imezima, 15 inapeleka umeme kwenye koili ya ignisheni pia. Gari lako lina platini, zile ncha mbili ndogo zinazofunga na kufungua umeme wa koili, na kama injini imesimama mahali ambapo platini zimefunga, umeme unapita kwenye koili muda wote bila kukatika. Koili inachemka, platini zinaungua, na we umekaa tu unasikiliza habari. Watu wamebadilisha koili wakidhani ni mbovu kumbe ni redio imewapa tabia ya kuacha swichi wazi. Angalia kama ufunguo wako una hatua ya katikati ya vifaa, nyingi za umri huo hazina. Kama haina, nyekundu ipe swichi yake ndogo, ifiche chini ya dashibodi, ichukue umeme toka 30 kupitia fyuzi. Ukitaka redio unabonyeza, ignisheni inabaki imelala.

Fyuzi iwe karibu na pale unapochukua umeme, siyo karibu na redio, kazi yake ni kulinda waya wote njiani. Saizi fuata ile iliyopo nyuma ya redio, mara nyingi ni ampea 10 au 15. Waya wa njano na mweusi usitumie vile vyembamba, milimita za mraba 2.5 inatosha vizuri. Na ule mweusi ukwangulie rangi ufike kwenye bati jeupe, hasi mbovu ndio chanzo cha nusu ya malalamiko ya redio zote duniani.

---

Mzee wa Karbureta

Kijana wangu, FundiWaya kasema vizuri, lakini kabla ya yote hayo chukua hiyo mita yako upime betri. Kwenye karatasi Beetle nyingi za 1968 ni volti 12, maana zile za 1967 kwa Ulaya bado zilikuwa volti 6, Marekani ndio walitangulia kupata 12 mwaka huo wa 1967. Lakini magari haya yamepita mikono mingi, watu wamebadilisha injini, wamebadilisha bodi, karatasi ya gari inasema hivi na chuma kinasema vingine. Betri iliyopumzika ikisoma 12.6 uko salama, ikisoma 6.3 redio yako haitawaka hata kidogo, na hapo unahitaji kifaa cha kupandisha umeme na dainamo yenye nguvu ya kukilisha.

Na uangalie ni nguzo ipi imefungwa kwenye bodi. Kwenye Volkswagen ni hasi, sawa. Ila wapo watakaosoma hapa wana gari za Kiingereza, hizo nyingi zilikuwa na chanya kwenye bodi, MGB kwa mfano ilikuwa hivyo hadi 1967. Ukifunga redio ya kisasa kwenye gari la namna hiyo kwa mazoea, kile kibati cha redio chenyewe ni hasi, kinapogusa dashibodi ni shoti, na ukigeuza waya unaiua redio papo hapo. Hao wenye MGB wana njia mbili, wageuze gari zima liwe hasi kwenye bodi, yaani kugeuza betri, kuipa dainamo sumaku upya, kubadilishana waya za koili, na za kipimo cha ampea kama gari linacho, au wanunue kifaa cha kutenganisha umeme. Mimi napendelea kugeuza gari, ni kazi ya siku moja na inakuwa imekwisha, ila mwenye kutaka gari lake libaki lilivyotoka kiwandani simlaumu.

Jingine ambalo vijana hawalijui kwenye Beetle. Betri iko chini ya kiti cha nyuma. Ukiwa unafungua na kufunga hasi kwa ajili ya hii kazi, rudisha kifuniko chake juu ya nguzo. Springi za kiti zikibonyea mtu mzito akikaa zinagusa nguzo ya betri na kiti kinawaka moto. Hili siyo la kusimuliwa tu, angalia kabla hujarudisha kiti.

---

kobe68

Mzee shikamoo na asante sana, FundiWaya asante pia. Nimepima, 12.5, na hasi ndio iko kwenye bodi. Kifuniko cha betri hakikuwepo kabisa, nimetafuta na nimeshaweka. Ufunguo hauna hatua ya katikati kwahiyo nafanya hiyo ya swichi ndogo. Redio nimeijaribisha ikiwa kavu, imekaa kwenye tundu kama mlivyosema, nilisogeza shafti moja tu.

Sasa ile spika. Ina waya mmoja unaokuja toka redio ya zamani iliyowahi kuwepo, na upande wa pili umefungwa kwenye bati la gari. Naweza kuunga waya mmoja wa redio mpya pale nikaacha ilivyo?

---

DadaSpika

Hapana kaka, tafadhali usiunge hiyo hivyo. Hili ndio linaloua redio mpya nyingi kwenye gari za zamani na linatokea ndani ya sekunde.

Redio za zamani zilitoa sauti kwa waya mmoja, upande wa pili wa spika ulirudi kupitia bodi ya gari. Redio za sasa kila spika ina waya mbili na zote mbili ni hai, zote zina umeme wake, hakuna hata mmoja ambao ni hasi ya gari. Ule wenye mstari mweusi watu wanauita hasi kwa mazoea tu. Ukiugusisha kwenye bati unapiga shoti amplifaya ya ndani. Redio nzuri inajizima yenyewe kujilinda, isiyo nzuri inakufa. Na usiunganishe ule wa kushoto na wa kulia pamoja eti upate sauti ya pande zote kwenye spika moja, nayo ni kuua.

Kwenye hiyo grili yako fanya hivi. Zipo spika zinazotengenezwa makusudi kwa ajili ya dashibodi zenye nafasi ya spika moja, ndani zina koili mbili za sauti kwenye koni moja. Koili moja unaipa waya mbili za kushoto mbele, nyingine unaipa waya mbili za kulia mbele. Unapata muziki wote, kushoto na kulia, kupitia grili yako ya asili na kwa mbele hakuna kilichobadilika. Hakikisha kila koili ni omu 4 au zaidi maana redio nyingi hizi haziruhusu chini ya hapo. Ile spika ya zamani ifunge kwenye kitambaa uitunze, koni yake ni ya karatasi na ilitengenezwa kwa wati chache sana, hata ukiiunga kwa waya mbili itachanika ukiongeza sauti.

Spika ya dashibodi peke yake haitakupa besi, ni ndogo na nyuma yake kuko wazi. Kama unapenda muziki wenye mwili, tengeneza boksi la mbao linaloingia kwenye ile nafasi ya mizigo nyuma ya kiti, spika mbili ndani, waya zipite chini ya zulia. Boksi linatoka muda wowote. Milango usiiguse, kukata mlango wa Beetle kwa ajili ya spika ni sawa na kukata dashibodi.

Ukimaliza kupitisha waya, kabla hujaunga kwenye redio, weka mita kwenye mlio, ncha moja kwenye waya wa spika na nyingine kwenye bati. Ikilia kuna mahali waya umechubuka unagusa bodi. Pima zote moja moja. Hiki kipimo kinachukua dakika chache na ndicho kinachonipa usingizi mimi.

---

redio_asili

Naheshimu kazi yenu wote, ila mimi niseme upande mwingine kwa nia njema. Kwangu redio ya gari la zamani ni ile iliyotoka nalo. Kobe68 gari lako umelikuta na kibao, redio yake ya zamani haipo tena, kwahiyo kwako sina neno. Lakini kwa mwenye redio yake ya asili, hata kama imekufa, asiing'oe aweke ya kuigiza. Kuna mafundi wanaofungua kasha la zamani na kuweka bodi mpya ya umeme ndani, ya FM na Bluetooth, nobu zile zile, kioo kile kile, mshale unasogea kama zamani. Mwenye kutaka rahisi zaidi anaweka amplifaya ndogo ya Bluetooth chini ya kiti au nyuma ya dashibodi, redio ya asili inabaki mahali pake kimya, na muziki unatoka kwenye simu.

Hata wenye viwanda wameona watu wanataka kitu kinachofanana na gari. Porsche mwaka 2020 walitoa redio yao yenye skrini ndogo ya inchi 3.5 inayoingia kwenye tundu la kawaida la 911 za zamani, na Blaupunkt, kampuni ya redio za magari, wamerudisha redio yao ya Bremen SQR 46 ya miaka ya 1980 ikiwa na redio ya kidijitali ndani. Hizo ni nzuri, ila ni za gari zenye lile tundu la kawaida la milimita 182 kwa 53. Kwa gari la shafti mbili chaguo la heshima kwangu ni kufufua ile ya asili.

---

FundiWaya

Redio_asili nakubaliana na wewe kwa mwenye redio yake mkononi, na hata mwenye kuweka mpya aitunze ile ya zamani na nobu zake na vibao vyake, visitupwe. Nikuongezee tu kwamba kufufua ya asili siyo kila fundi redio anaweza, na ukishachezea bodi ya ndani nayo uasili wake umeupunguza. Ile ya amplifaya chini ya kiti ndio inayoacha gari safi kuliko zote. Ila kobe68 anataka taarifa ya habari, anahitaji redio inayoshika stesheni, siyo simu tu.

---

kobe68

Wakuu nimefunga. Inaongea, sauti kupitia ile spika ya koili mbili imenishangaza, kioo nimekiweka rangi ya kijani hafifu inalingana na taa za spidomita. Nimefurahi sana kwakweli.

Yamebaki mambo matatu. Moja, ukiwasha injini kuna tiktiki kwenye FM na zaidi sana kwenye AM, ukikanyaga mafuta inakimbia na injini, na juu yake kuna kama mluzi mwembamba. Mbili, stesheni kadhaa ambazo kwenye redio ya nyumbani zinashika safi, hapa zinakwaruza au hazionekani kabisa, nikizungusha nobu inaruka juu yake, kwa mfano iko 98.4 redio inatoka 98.3 inaenda 98.5. Tatu, saa inarudi sifuri kila nikizima ile swichi ndogo.

---

FundiWaya

La tatu ndio rahisi, njano na nyekundu zote umezipitisha kwenye swichi ndogo. Njano itoke ikaungwe kabla ya swichi, iwe na umeme muda wote. Ila ukishafanya hivyo pima inakula kiasi gani redio ikiwa imezimwa, weka mita upande wa miliampea katikati ya nguzo ya hasi na waya wake. Tuseme inakula miliampea 20, hiyo ni karibu nusu ampea-saa kwa siku, na betri ya kawaida ya Beetle ni ampea-saa 36, ndani ya mwezi na kidogo gari likiwa limesimama umeshamaliza nusu yake. Ukilitumia kila wiki huna wasiwasi. Ukiliacha miezi toa hasi ya betri, saa utaiweka upya.

La pili ni mpangilio wa eneo. Redio yako imetoka kiwandani ikiwa kwenye mpangilio wa Marekani. Kule stesheni za FM zinapangwa kwa hatua ya 0.2 na zote zinaishia kwenye namba witiri, 98.1, 98.3, 98.5, kwahiyo redio inaruka 98.4 kwa sababu kwake haipo. AM kule wanaenda kwa hatua ya kilohezi 10, sehemu kubwa ya dunia ni 9, ndio maana na huko utakuta stesheni zinakosewa. Ingia kwenye menyu, kwa redio nyingi ni kubonyeza nobu ya kulia na kuishikilia mpaka kioo kibadilike, tafuta neno la eneo au redio, weka Ulaya. Zitarudi zote. Na utaona sauti za juu zimekuwa ang'avu zaidi, maana mpangilio wa Marekani unakata zile za juu zaidi kuliko matangazo ya kwingine yanavyohitaji, ulikuwa unasikiliza kitu kilichofifia kidogo bila kujua. Ukibadilisha eneo stesheni ulizohifadhi zinafutika, hifadhi upya.

La kwanza namwachia mzee.

---

Mzee wa Karbureta

Kelele mbili tofauti hizo, usizitibu kwa dawa moja. Tiktiki inayokimbia na injini ni ignisheni, mluzi ni dainamo.

Kwanza ujue inaingilia wapi. Injini ikiwa inanguruma, cheza muziki wa Bluetooth. Kelele ikipotea kabisa kwenye Bluetooth na kubaki kwenye redio tu, inaingia kwa antena. Chomoa antena nyuma ya redio usikilize tena uhakikishe. Ikibaki hata kwenye Bluetooth, inaingia kwa waya wa umeme au hasi.

Ya antena, shuka uangalie mguu wake pale ulipofungwa kwenye bati la bodi ya gari. Watu wanapaka gari rangi, wanarudisha antena juu ya rangi, chini hakuna bati linalogusa bati. Kwangua chini ya bati hilo kwa ndani pale washa, kile kibati cha duara cha chini ya nati, inapobana, pakaza grisi kidogo isishike kutu, kaza. Hapo peke yake nimeona kelele nyingi zikiondoka. Na ukisikiliza FM vuta antena iwe kama sentimita 75, urefu huo unaendana na mawimbi ya FM, ukiivuta yote au ukiacha imeingia nusu unapoteza nguvu. AM ndio inapenda ndefu.

Kisha plagi. Waya za plagi za shaba tupu bila rezista zinatangaza kila cheche kama kituo cha redio. Vile vifuniko vya kwenye plagi viwe vyenye rezista ndani, vipo vya omu 1,000 hadi 5,000, pima kila kimoja kwa mita, kikisoma sifuri au hakisomi kitu kabisa badilisha. Alafu kapasita ya redio, kile kifaa kidogo cha kumeza kelele za umeme, mikrofaradi 2.2 hivi, waya wake kwenye koili upande wa namba 15, kibati chake kwenye bodi. Sikiliza vizuri hapa, upande wa 15, siyo upande wa namba 1 unaokwenda kwenye platini. Ukiiweka kwenye 1 gari litaanza kukohoa na utahangaika na karbureta isiyo na kosa.

Mluzi wa dainamo nao unapewa kapasita yake, kwenye D+, kituo cha dainamo kinachotoa umeme, kamwe usiiweke kwenye DF, kile kinachoungwa na kidhibiti cha chaji, utakiharibu kidhibiti hicho. Na kama brashi za dainamo zimekwisha au ile shaba inayosuguana nazo imechakaa, mluzi hautaisha kwa kapasita, dainamo inakuomba uifungue. Jambo jingine la dainamo, injini ikiwa inapumua taratibu kwenye foleni haichaji kitu cha maana, kwahiyo ukiwa umesimama na taa zimewaka usifungulie muziki wa harusi, umeme wote huo unatoka kwenye betri.

---

kobe68

Mzee Mungu akuweke. Antena ilikuwa imekaa juu ya rangi kabisa, nimekwangua na nusu ya kelele imeondoka pale pale. Kifuniko kimoja cha plagi hakisomi kitu, nimeagiza vyote vinne. Kapasita ya koili nimeweka kwenye 15, mluzi bado upo kwa mbali, dainamo nitaifungua mwisho wa wiki niangalie brashi. Eneo limebadilika, 98.4 inaongea safi, na saa inatembea.

Swali dogo la mwisho, kuhifadhi stesheni kwenye vile vitufe vitano. Baba alikuwa anavuta kitufe nje kisha anakisukuma ndani. Hivi vyangu nimejaribu kuvuta kidogo havitoki nikaogopa. Na simu ikipigwa kwa Bluetooth watu wananiambia wanasikia injini kuliko sauti yangu.

---

DadaSpika

Usivute kaka, vitang'oka. Zile za zamani kitufe kilikuwa kinasukuma chuma kinachozungusha mshale, ndio maana ulikuwa unavuta kukifungua na kusukuma kukifunga kwenye stesheni. Hivi vya sasa ni swichi tu, tafuta stesheni, bonyeza kitufe ushikilie mpaka usikie mlio au namba iwake, basi imekaa. Mara nyingi vitufe vitano hivyo hivyo vina kurasa zaidi ya moja, unabadilisha kwa kitufe cha mawimbi, kwahiyo FM unaweza kuhifadhi zaidi ya tano.

Maikrofoni, kama redio yako imekuja na ile ya waya usiiache imelala nyuma ya dashibodi, huko inasikia mngurumo wa bati na upepo wa matundu ya hewa. Ipandishe kwenye nguzo ya kioo cha mbele upande wako au juu karibu na kioo cha kuangalia nyuma, ielekee mdomoni, waya wake unaingia chini ya mpira wa kioo bila kutoboa kitu. Sauti ya simu yenyewe ipandishe karibu robo tatu kisha utumie nobu ya redio kupunguza na kuongeza, simu ikiwa chini sana unalazimika kufungulia redio mpaka inaanza kuvuma.

Na tuwekee picha ukishafungua dainamo, ila usituwekee ya mbele tu, fungua buti upige ya nyuma ya dashibodi pia, nataka kuona kile kipande cha bati cha kushikia redio umekifunga wapi, kuna rafiki yangu ana ya 1970 amekwama hapo hapo.